Msikate pale kwenye baa

Mhariri,

Mmeuliza ni mfululizo gani wa filamu za njozi uliorefushwa kupita kiasi, na msomaji akipewa mkasi angekata wapi. Sikuwa na nia ya kujibu. Swali kama hili majibu yake nayajua kabla sijayasoma: wengi watasema The Hobbit, mwingine atasema Harry Potter ya mwisho haikuwa na haja ya kupasuliwa vipande viwili, na hakosekani wa kusema zote ni za watoto. Lakini toleo lililopita mmechapa jibu la msomaji wa Arusha anayetaka The Return of the King, ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings, ikatwe pale Aragorn akishavishwa taji na mji mzima ukiwapigia magoti wale hobiti wanne, watu wafupi wa hadithi ile. Baada ya hapo, anasema, filamu inaisha mara tano na watu wameshasimama kutafuta mlango. Nililisoma jibu hilo jana mchana, na usiku lilikuwa bado linanikereketa. Basi naandika.

Kwanza hesabu, ili tusibishane bure. The Lord of the Rings, au Bwana wa Pete kama tulivyoiita mtaani, haikurefushwa. Ilizaliwa ndefu. Tolkien aliitoa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, na Peter Jackson alizipiga filamu zote tatu kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Alijua anakokwenda kabla hajafunga mzigo. The Hobbit ni habari nyingine: kitabu kimoja cha watoto, cha 1937, kilichopangiwa filamu mbili, na uamuzi wa kuongeza ya tatu ukatangazwa Julai 2012 wakati ya kwanza inasubiriwa Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kama ni kuhesabu dakika na kurasa, jibu mnalo na ningeweza kuweka kalamu chini. Mimi linanisumbua lingine. Mtu aliyekwenda mbali akirudi kwao, hadithi yake imekwisha au ndiyo kwanza inaanza kuuma?

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 12, tukikaa Mwembesongo, Morogoro. Waliokuwapo wanaukumbuka mwaka ule: mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa ya umeme yamekauka, nchi nzima iko kwenye mgao. Kibanda umiza chetu, kibanda cha kuonyeshea video, kilikuwa cha mabati na turubai. Mbele TV ya chogo juu ya meza ndefu, chini yake deki, spika mbili zilizofungwa kwa waya, na mabenchi ya mbao ambayo ukijisogeza vibaya yanakuchana kaptura. Kiingilio shilingi 100 kwa mtoto, 200 kwa mkubwa. Joto lake ndilo lililokipa jina.

Pembeni ya deki alikaa kaka mmoja wa mtaa wa pili, maiki mkononi, akitafsiri papo kwa papo. Lufufu alikuwa ameshatuzoesha kanda zilizotafsiriwa, kama Wakenya walivyo na DJ Afro na Waganda na mavijei wao, lakini huyu alikuwa wetu. Filamu aliitazama mchana peke yake, jioni akaja nayo kichwani. Gandalf, yule mchawi mzee, kwake alikuwa Babu. Sauron, adui mkuu, aliitwa Jicho. Gollum, yule kiumbe anayeisaka pete, alimpa jina la Kibwengo, na mpaka leo nikisikia Gollum naona kama mtu amekosea jina. Shida aliyoipata ni moja: watoto walitaka kujua stelingi ni nani. Filamu haiwezi kukosa stelingi, na stelingi hafi. Ni huyu mwenye upanga au huyu mdogo mwenye macho makubwa? Kelele zikazidi hadi akasimamisha deki. Akasema wako wawili, mmoja ana upanga, mmoja ana mzigo, na mwenye mzigo ndiye mwangalieni. Nimesoma uchambuzi mwingi wa filamu hiyo tangu siku ile. Sijakuta aliyeusema ukweli huo kwa maneno machache zaidi.

Aliyenilipia kiingilio ni kaka yangu. Alikuwa amerudi miezi michache nyuma kutoka Mererani, alikokuwa mwanaapolo, anachimba tanzanaiti kwenye mashimo ya watu. Aliondoka 2003 akiwa mtu wa maneno mengi, anayejua kuigiza watangazaji wa mpira wa redioni mpaka mama anaacha kupeta mchele acheke. Alirudi na begi moja na redio ya mkononi. Hela haikuwapo, na hilo hakuna aliyemlaumu, Mererani wengi wanarudi hivyo. Kilichotushinda kuelewa ni ule ukimya. Ukimwuliza habari za chini ya ardhi anasema, “Kawaida tu.”

Sasa mnaojua filamu mnajua kuna pango la Shelob. Frodo, yule mdogo mwenye mzigo wa pete, anaingia peke yake gizani, njia nyembamba, nyuzi zinamnasa usoni, na yule buibui mkubwa yuko juu yake hamwoni. Kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele, wengine wanacheka kwa woga, mtoto mmoja amejificha chini ya benchi. Mtafsiri alikuwa amenogewa: “Geuka nyuma! Geuka nyuma wewe!” Mimi nilitaka kumshika kaka mkono, nikaona mguu wake unatetemeka. Goti linapanda na kushuka, benchi zima linatikisika. Hakuwa anatazama TV. Alikuwa anatazama chini, katikati ya miguu yake, na mikono ameikaza kwenye ukingo wa benchi. Nikarudisha macho mbele. Mtoto wa miaka 12 hajui afanye nini na goti la kaka yake mkubwa.

Nieleze na habari ya tembo, ingawa natoka kidogo nje ya njia. Kwenye vita kubwa ya mbele ya mji mweupe wanakuja tembo wakubwa kama majumba, wamebeba wapiganaji waliotoka kusini kumsaidia Jicho. Mtafsiri akasema, “Hawa watu wa kusini.” Sauti nyuma ikadakia, “Mtwara hao!” Kibanda kikalipuka. Kuanzia hapo nusu yetu tulikuwa upande wa tembo. Legolas alipompanda mmoja na kumwangusha, wa upande wa pili walishangilia na sisi tukanyamaza kama waliofungwa goli dakika ya mwisho. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ukimya ule haukuwa utoto mtupu. Katika toleo refu la The Two Towers, Faramir, kamanda wa upande wa mji ule, anamsimamia mpiganaji wa kusini aliyeuawa, anajiuliza jina lake nani, katoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao, na kama asingependa zaidi kubaki nyumbani kwa amani. Kitabuni mawazo hayo ni ya Sam, mwenzake Frodo. Kwenye filamu iliyoonyeshwa sinema maneno hayo hayamo. Mkasi uliyapitia. Msomaji wa Arusha alifikirie hilo kabla ya kusifu mkasi.

Narudi kibandani. Tumefika mlimani, penye moto ambamo pete inatakiwa kutupwa. Frodo amesimama ukingoni juu ya moto, pete mkononi, Sam anamlilia aitupe. Frodo anageuka, uso umebadilika. Mtafsiri akashusha sauti: “Anasema, hii ni yangu.” Umeme ukakatika.

Jenereta haikuwapo. Kelele zilizofuata mnaweza kuzisikia wenyewe. Rudisha hela! Wakubwa walianza kusukuma mlango. Yule kaka wa maiki hakuwa na hela ya kurudisha, nadhani ilishakwenda kwa mwenye kibanda. Akawasha koroboi, akaiweka juu ya TV, akasimama mbele yetu bila maiki. Akaita, “Hadithi hadithi!” Tukaitika kwa mazoea tu, tuliyotoka nayo kwa mabibi zetu: “Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!” Akaanza kusimulia yaliyobaki.

Alisimulia vizuri. Jinsi Kibwengo alivyoruka mgongoni kwa Frodo asiyeonekana, akamng'ata kidole, akaipata pete, akafurahi, akaanguka nayo motoni huku bado anafurahi. Alitembea tembea, kivuli chake kikipanda kwenye mabati. Akatupeleka hadi kwenye taji na mfalme na watu kupiga magoti, na hapo nikasikia wenzangu wanavuta pumzi. Halafu akawarudisha hobiti kwao. Akasema Frodo alipofika alimkuta mama yake mlangoni, na chakula kimefunikwa kwa kawa, kina joto bado: ugali na perege wa Mindu. Akanawa akala. Hadithi ikaishia hapo.

Tulipiga makofi gizani mpaka mikono ikawasha. Hakuna aliyeidai shilingi 100 yake.

Kaka hakuwa tena kwenye benchi. Nilimkuta nje, amechuchumaa chini ya mwarobaini, redio yake imezimwa mkononi. Tukatembea kurudi nyumbani, nikamsimulia mwisho wote hadi kwenye kawa na perege. Alisikiliza. Tulipokaribia mlangoni akauliza, “Na kidole?” Nikasema kidole nini. “Kile kidole alichong'atwa. Kilikuwaje?” Nikamwambia mtafsiri hakusema. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Miezi iliyofuata alikuwa akishinda kijiweni na wenzake wa zamani. Kahawa, kashata, bao, ubishi wa Simba na Yanga unaoanza asubuhi na kulala saa nne usiku. Yeye yupo katikati yao, kikombe mkononi, anatabasamu panapotakiwa. Hakuna aliyemtenga. Walimpenda sana. Ila mazungumzo yalikuwa yanampita juu kama ndege. Mwaka 2007 akapanda basi la Mbeya alfajiri, akaenda Chunya kwenye dhahabu. Mama alisema ni tamaa ya hela. Mimi nilikubaliana na mama.

Mwaka 2013 nikiwa chuoni Dodoma, mwenzangu wa chumbani alikuwa na toleo refu la The Return of the King kwenye kompyuta yake, dakika 251. Tuliitazama usiku mmoja. Kwa mara ya kwanza nikauona mwisho ambao umeme wa 2006 uliniibia. Taji likapita, magoti yakapita, mwenzangu akalala. Hobiti wanne wakarudi kwao wamepanda farasi na nguo za kifahari. Halafu wamekaa kwenye baa yao ya zamani, na kwa takriban dakika moja na nusu hakuna linalotokea. Baa imejaa, watu wanacheka, wanashangaa boga kubwa alilolileta mtu mmoja. Boga! Wanne hawa wametoka kuikomboa dunia nzima na hakuna anayewauliza chochote. Wanatazamana wenyewe kwa wenyewe, wanainua vikombe, wananyamaza.

Nilisimamisha picha. Kile kilikuwa kijiwe cha Mwembesongo. Yule pale ni kaka yangu na kikombe chake.

Kutoka hapo Frodo anaandika kitabu, anashika bega lake, anamwambia Sam ni miaka minne tangu achomwe kisu na kidonda hakijapona sawasawa. Mwishoni anapanda merikebu kwenda kusikorudiwa, kwa kuwa nchi aliyoiokoa aliwaokolea wengine. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Asubuhi nilimpigia kaka Chunya, tukazungumza bei ya mchele na magoti ya mama.

Basi msomaji wa Arusha, baa ile si nyongeza ya toleo refu. Imo hata katika filamu iliyokwenda sinema, ile iliyochukua tuzo 11 za Oscar kati ya 11 ilizoteuliwa. Ukikata kwenye taji unamkata huyu mtu aliyerudi. Unabaki na mtu aliyeshinda, na washindi tunao kwenye kila filamu. Nakiri Jackson naye alikata: kitabuni hobiti wanarudi kukuta kwao kumeharibiwa, miti imefyekwa, wanapaswa kupigana tena, na hilo lote filamu imeliacha. Zamani niliona ni kosa kubwa. Sasa sioni hivyo. Kukuta kwenu kumebomoka ni jambo ambalo angalau majirani wanaliona nao. Kukuta kila kitu kiko palepale na wewe ndiye usiyeenea tena, hilo ni zito zaidi, na boga lile linalibeba peke yake.

Nilimkasirikia sana yule mtafsiri mwaka ule wa 2013. Niliona alitudanganya, alichukua mkasi uleule wa Arusha, akakata kilichouma, akashonea mama na perege. Frodo hana hata mama, wazazi wake walikufa maji akiwa mdogo. Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kumshtaki. Nimeandika hadi kwenye koroboi na nimeshindwa. Watoto 40 gizani, mwaka wa njaa na mgao, picha imekufa pale mtu mwema anaposema “hii ni yangu”. Angetuacha na lipi? Na sisi wenyewe tuliuita uongo kwa jina lake, tukamwomba aukoleze. Siwezi kumpenda yeye kwa kuongeza halafu nikamhukumu Jackson kwa kuongeza.

Ndipo The Hobbit inaponipa taabu, maana nilianza barua hii nikiwa nimeapa kutoitaja kama jibu. Kuna nyongeza zake ninazozitetea. Tauriel, yule mwanamke wa kielfu, hayumo kitabuni kabisa, wengi wanamtukana, lakini msafara wa kitabu hauna mwanamke hata mmoja na sioni ubaya wa kumtia. Na ile filamu ya kwanza, ya 2012, ina kitu ambacho Mswahili yeyote angekilipia tiketi: Bilbo, hobiti wa hadithi hiyo, na Gollum wamekaa pangoni wanategeana vitendawili, na roho ya mtu ndiyo dau. Bilbo anatega sanduku lisilo na bawaba wala ufunguo wala kifuniko, ndani yake kuna dhahabu. Wapwa zangu wadogo walipoiona walijibu kabla ya Gollum. Yai! Ni nyumba yetu ileile isiyo na mlango. Wameirudisha sehemu hiyo mara sita siku ya Idi.

Lakini ya tatu, ya 2014. Hii ndiyo fupi kuliko filamu zote sita za Jackson za dunia ile, dakika 144, na ndiyo niliyotazama saa mara nyingi zaidi. Vita yake inakula robo tatu ya saa. Kitabuni Bilbo anapigwa na jiwe kichwani kabla vita haijaisha, anazimia, na vita inamalizika bila yeye; Tolkien, aliyekuwa askari kwenye mahandaki ya Somme mwaka 1916, hakuona haja ya kutuchelewesha pale. Halafu Bilbo anarudi kwao. Na anakuta nini? Mnada. Amehesabiwa amekufa, majirani wanabeba viti vyake na vijiko vyake, na yeye anatakiwa kuthibitisha mlangoni kwake kwamba ni yeye. Hebu fikirini jambo hilo. Kuna watu Mererani walishasomewa hitima na baadaye wakashuka kwenye basi. Hapo palikuwa na filamu nzima. Wamepapitia kwa dakika chache, watu wakacheka, akaingia ndani kwenye nyumba tupu, kwisha.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo sikulitaka, ni The Hobbit, na hasa sehemu ya tatu. Naipigia kura kwa kurefushwa kupita kiasi, huku lalamiko langu kubwa ni kwamba imefupishwa, pale mwishoni, mlangoni. Sijui mtaihesabu vipi kura ya namna hiyo. Ya kwanza msiiguse, na ya pili sina ugomvi nayo. Harry Potter ya 2010, ile ya kutembea porini na hema, iacheni ilivyo, kule kuzurura bila kujua pa kwenda ndiko kulikonifanya niamini kwamba wana hofu. Na Narnia, vitabu saba na filamu tatu hadi 2010, yenyewe ingeonewa huruma zaidi kuliko kukatwa.

Kaka bado yuko Chunya. Mwisho ule hajauona, na sijawahi kumwambia kwamba kidole hakikurudi. Idi ijayo akija nitamwekea, lakini nitaanzia kwenye taji, pango nitaliruka.

Mhariri, kama nafasi yenu haitoshi, kateni habari ya tembo. Ya kijiweni iacheni.